MASWALI KWA YAYA: Kaburu anatafuta kaburi Sainte-Hélène, na mimi nafuata nini?

Yaya jambo. Mi niko fundi wa masini za mgodi, nakaa Katuba, natumika na kampuni ya watu wa Afrika Kusini. Patro wangu ni Kaburu, mzee wa miaka sitini na kitu, mtu muzuri tu, akikasirika anakasirikia masini hapana bantu. Sasa anasema mwaka kesho anaenda ku kisiwa ya Sainte-Hélène kutafuta kaburi ya kambo wa papa yake, Baingereza balimufunga pale ndani ya fort wakati ya vita yao, akafia kule. Anataka tuende wote juu magoti yanamusumbua na mi njo namuendeshaka kila siku. Tike analipa yeye. Bibi yangu anasema kwenda kuchokora makaburi ya bazungu ni kujiletea bulozi ku nyumba. Mi kwa ile kisiwa najua paka Napoléon, ile tulisoma ku primeri. Ile fort iko namna gani, tunafikaje, kaburi tutaipataje na miaka mia na zaidi imeshapita, na tena sisi bantu beusi tuko na kitu pale ao ni mambo yao tu?
*Fundi wa Katuba, Lubumbashi*

Fundi, jambo. Nianze na bibi yako juu yeye njo anashika mlango. Mwambie hivi, wewe mwaka 2022 ulikuwa hapa Lubumbashi, uliona mwezi wa sita namna watu walijaa njiani wakati jino la Lumumba lilipitishwa hapa na kufikishwa Shilatembo kule njia ya Likasi, fasi walimuua tarehe 17 Januari 1961. Jino moja, mwili mzima uliyeyushwa na tindikali, na watu wakalia sawa vile sanduku limejaa. Hakuna mtu aliyeita ile bulozi. Sasa mzee wa kizungu anatafuta kambo yake, unamshika mkono apande kilima, unamuegemezea gari vizuri, basi. Kama bibi bado anakataa mnunulie kitenge mbele ya kuondoka, ile dawa inajulikana.

Sasa fort. Hapa patro wako amechanganya kidogo na itawapotezea siku nzima kama hamkuliweka sawa mapema. Fort kubwa ya pale inaitwa High Knoll, iko juu ya kilima inauangalia mji mdogo wa Jamestown ambao umebanwa chini kwenye bonde mpaka baharini, kuta za mawe, nene, upepo unapiga kutwa. Ilianza kama mnara mwisho wa karne ya 18, halafu kuanzia miaka ya 1870 wakaikuza ikawa kubwa kabisa, wazo lao lilikuwa adui akishuka pwani basi watu wote wa kisiwa wakimbilie ndani. Adui hakuja. Jengo kubwa namna ile likakaa bure, na unajua serikali yoyote ikikuwa na ukuta mnene hauna kazi itafanya nini nao, itauweka watu ndani. Lakini Makaburu wengi hawakulala fort hata siku moja! Walilala ndani ya hema. Fort ilikuwa ya vichwa ngumu, wale wa kujaribu kutoroka ao kuleta fujo kambini, buloko ndani ya buloko.

Hesabu yenyewe iko hivi. Vita yao na Waingereza ilianza 1899 ikaisha 1902. Meli ya kwanza ya wafungwa, Milwaukee, ilifika Aprili 1900 na watu mia tano na kitu, ndani yake Jenerali Piet Cronjé ambaye alikuwa amejisalimisha Paardeberg tarehe 27 Februari mwaka ule na watu kama 4,000. Meli zikaendelea kufika, jumla karibu 6,000 wakapita pale. Na kisiwa chenyewe ni kilomita 122 za mraba, leo kina wakaaji kama 4,000 tu, sasa piga hesabu, ni sawa na kuleta Katuba nzima umwage ndani ya kiwanja cha shule. Maji machache, choo unajua, tifoidi ikaingia. Kambi mbili zilikuwa Deadwood, kwenye tambarare ya upepo karibu na nyumba Napoléon alifia, na Broadbottom upande mwingine. Wale wa Orange Free State walisukumwa Broadbottom na wa Transvaal wakabaki Deadwood (zile zilikuwa inchi mbili za Makaburu), juu hata kufungwani walikuwa wanabishana wao kwa wao nani aliangusha vita. Hii mpigie patro simu leo umuulize, kambo yake alikuwa wa wapi, Free State ao Transvaal? Ile jibu moja inakwambia mtaenda kusimama kwenye uwanja gani.

Waliokufa ni kama 180. Na hawako fort, hawako Deadwood, wako Knollcombes, kwenye makaburi ya kanisa dogo la Baptisti, kilima kimeinama sawa paa la nyumba, makaburi yamepangwa safu safu yakishuka. Fasi nzuri sana watu wanasema, kijani, kimya. Kaburi lenyewe usitegemee jiwe kubwa na picha, nyingi ziko na namba tu, na majina yako yameandikwa kwenye nguzo za ukumbusho palepale. Magoti ya patro yatalia, mchukulie fimbo.

Lakini sikiliza, msipande ndege mbele ya karatasi. Kaburi la mfungwa linapatikana kwenye karatasi kwanza, jembe ao miguu ni baadaye. Waingereza ukiwachukia ukiwapenda, walikuwa watu wa kuandika, kila Kaburu waliyemkamata aliandikwa jina, miaka yake, shamba lake, alikamatwa wapi siku gani, na kambi alipelekwa. Kule Bloemfontein kuna makumbusho ya ile vita na wanatunza orodha za wafungwa, patro aandike barua ao imeili awape jina zima pamoja na JINA LA SHAMBA. Shamba njo ufunguo. Wale watu walikuwa wanarithishana majina, kambo Johannes, baba Petrus, mtoto Johannes, mjukuu Petrus, unaweza kukuta watu wanne jina moja mwaka mmoja, na ukaenda kulilia kambo ya mtu mwingine. Halafu wahakikishe kabisa alikuwa Sainte-Hélène juu wafungwa wengine walipelekwa Ceylon (leo Sri Lanka), wengine India, wengine Bermuda, na ndani ya familia hadithi inageukaka, mtoto anasikia «kisiwa» basi anajaza mwenyewe. Nimeshaona familia moja hapa Lubum ilikuwa inaweka maua miaka 11 kwenye kaburi la jirani. Na kwenye intaneti uandike St Helena, kwa kifaransa utaletewa paka Napoléon.

Tuseme basi la Napoléon tumalize, juu najua utataka kwenda na picha utanitumia. Alifika Oktoba 1815, akafa 5 Mei 1821 katika nyumba ya Longwood. Kaburi lake liko ndani ya bonde, limezungushiwa uzio, jiwe halina hata herufi moja. Juu gani? Wafaransa wake walitaka iandikwe «Napoléon» tu kama mfalme, gavana Mwingereza Hudson Lowe akasema hapana, ongezeni Bonaparte kama raia wa kawaida, wakashindana mpaka wakazika jiwe tupu. Na ndani hakuna mtu! Mwaka 1840 Ufaransa walikuja wakamchukua wakampeleka Paris, analala Les Invalides mpaka leo. Ile nyumba na lile bonde Ufaransa walivinunua mwaka 1858 na bado ni vyao. Watu wanatoka mwisho wa dunia kuangalia shimo bila mwili na jiwe bila jina. Sawa, dakika ishirini zinatosha.

Njia sasa. Zamani ilikuwa meli kutoka Cape Town, siku tano juu ya maji. Kuanzia Oktoba 2017 kuna ndege ya kawaida kutoka Johannesburg, na Johannesburg kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano unaijua mwenyewe. Kutoka pale ni kama saa sita hivi pamoja na kusimama njiani kujaza mafuta. Uwanja wa ndege umejengwa pembeni ya mwamba na upepo wa pale ni mkorofi, ulicheleweshea watu ufunguzi, mpaka leo ndege inaweza kuahirishwa, na juu inakuja kama mara moja kwa juma, ukikwama umekwama kweli, kwa hiyo usimwambie mkubwa wa garaji utarudi jumatatu asubuhi. Unahitaji viza ya kisiwa, unahitaji asuransi ya ugonjwa yenye kulipia kukutoa kwa ndege ukiumwa sana (bila hiyo hawakuachi uingie, kisiwa kina hospitali ndogo tu), tike ya kurudi, na kwa upande wa Afrika Kusini viza yao na karte ya njano ya homa ya manjano, juu unatoka Kongo. Karte iwe ya kweli, chanjo iwe na siku kumi na zaidi mbele ya safari. Pesa ni pauni, ya kwao iko sawa na ya Uingereza, chukua za mkononi. Gari mtakodi, njia ni nyembamba zinajikunjakunja sana, na wanaendesha kushoto, hapo njo patro ataona faida ya kumleta fundi. Kuna pia ngazi ya Jamestown ya kupanda 699, wewe panda, patro akungoje na gari juu.

Sasa swali lako la mwisho, umeliweka nyuma sawa kitu kidogo, mi kwangu njo barua yote.

Ndiyo Fundi, tuko na watu pale. Wengi kuliko Makaburu. Wengi kabisa.

Pembeni ya Jamestown, bonde la pili yake, panaitwa Rupert's Valley. Mwaka 1840 Waingereza waliweka kisiwani tribinali ya kuhukumu meli za watumwa. Wao walikuwa wameshapiga marufuku ile biashara, meli zao za vita zikawa zinavizia pwani yetu ya magharibi, mdomo wa mto Kongo, Loango, Angola, wakikamata meli ya Wareno ao Wabrazil imejaa watu wanaikokota mpaka Sainte-Hélène. Miaka ile yote mpaka biashara inaisha, watu kama 27,000 walishushwa pale. Waliitwa «walioachiliwa». Lakini walishuka namna gani? Wiki nzima wamelala chini ya sakafu ya meli, kuhara, ndui, macho yamefunga, wengine wanabebwa. Inakadiriwa karibu 8,000 walizikwa mule ndani ya bonde. Waliopona wengi walisukumwa tena juu ya meli wakapelekwa kutumika visiwa vya Caribbean na Cape, hakuna mtu aliyewauliza kama wanataka kurudi kwa mama zao. Mia chache tu walibaki kisiwani.

Na walisahauliwa. Wakati kisiwa kilipanga kujenga uwanja wa ndege, ule utakaoshukia wewe, barabara ya kupandisha vifaa kutoka baharini ilipitia Rupert's Valley, basi 2007 na 2008 wataalamu wa kuchimba wakatoa mifupa ya watu 325 kwenye kipande kidogo tu. Wengi watoto na vijana. Kati ya 325, watano tu walikuwa na sanduku, wengine walilazwa kwenye udongo hivyohivyo, mara nyingine wengi shimo moja. Walikuta shanga. Walikuta bangili, juu hata ndani ya meli ile mtu alikuwa ameficha kitu chake cha nyumbani. Walikuta meno yamechongwa, ile kuchonga ya kwetu, ya mababu, umeiona kwenye picha za zamani. Na walikuta vibati vidogo vya chuma vya kuwatambulisha, vingine na namba.

Hapo simama kidogo Fundi. Kaburu ana namba kwenye kaburi, mnachukua namba mnaenda kwenye orodha, inatoka jina, shamba, siku. Mtu wetu pia ana namba, ameivaa mwilini, na ile orodha ya wenye meli haikutunza jina la mama yake wala kijiji. Kwa patro wako miaka mia na zaidi imepita na bado anaweza kupata mtu wake kwa imeili mbili. Ile tofauti njo utaiona kwa macho, na wala usimkasirikie yeye.

Sayansi imesaidia kidogo. Mwaka 2023 ilitoka kazi ya wataalamu, walichukua ADN (DNA) ya watu 20 kati ya wale, 17 wanaume, wakalinganisha na watu wa leo wa Afrika, ikaonekana wanakaribiana zaidi na watu wa eneo lililo kati ya Gabon na kaskazini ya Angola. Yaani mdomo wa Kongo na pembeni zake. Sasa wewe Muluba ao Mubemba wa Katuba usiruke useme ni kambo yangu, pwani iko mbali, ingawa biashara ya mababu zetu ilifika kule, M'siri mwenyewe kutoka Bunkeya alikuwa anatuma misafara mpaka Benguela na watu walikuwa ndani ya mzigo. Tuseme ni wa nyumba kubwa, bila kudai sahani.

Mifupa ile 325 ilikaa ndani ya ghala Jamestown, pembeni ya buloko ya mji, miaka kama 14. Watu wa kisiwa wengine walipiga kelele, kwamba mnawafanyia hivi walioachiliwa na kule bondeni Napoléon ambaye hayuko analindiwa jiwe? Mwishowe Agosti 2022 wakazikwa tena Rupert's Valley, kwa masanduku sasa. Agosti 2022, umeelewa, miezi miwili tu nyuma ya lile jino letu kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Sisi tulikuwa tunalia hapa na hakuna hata redio moja niliyosikia ikisema kwamba ku bahari ile ingine wanazikwa Waafrika mia tatu.

Kwa hiyo panga hivi. Siku ya kwanza mpumzike, upepo na ndege vinachosha. Siku ya pili Knollcombes na patro, usimharakishe, mtu akipata jina la kambo yake anaweza kukaa saa mbili bila neno. Siku ya tatu High Knoll, muone fort mmalize, ulizeni mjini mbele ya kupanda kama geti liko wazi. Siku ya nne mwambie patro, sasa wewe njo utanisindikiza mimi. Rupert's Valley si kupanda, gari linafika. Watu wamebakisha mahali pa kaburi jipya, lakini wale elfu saba na kitu wengine wako chini ya njia, chini ya matangi ya petroli, chini ya nyumba, utakanyaga bila kujua. Mimi ningechukua udongo wa Katuba kidogo ndani ya karatasi. Uliza forodha kwanza, visiwa vinaogopa udongo wa watu juu ya wadudu, wakikataa basi chukua maji ya kunywa tu, umwage kidogo chini kama kwa wazee, na useme kwa swahili ao kiluba jambo, tumefika.

Bibi yako umsomee hii sehemu.

---

Bonjour Yaya. Niko mwalimu Kadutu, Bukavu. Ku shule kuna mwenzangu anasema sultani wa Zanzibar alifungwaka Sainte-Hélène pamoja na Napoléon. Tumewekeana kreti ya Primus. Nani ananunua?
*Mwalimu wa Kadutu*

Mnanunua wote wawili, nusu nusu. Sultani alikuwepo kweli, lakini kumuweka pamoja na Napoléon ni kumruka miaka mia nzima.

Anaitwa Sayyid Khalid bin Barghash. Agosti 1896 sultani Hamad bin Thuwaini alikufa, Khalid akaingia jumba la kifalme bila kuwauliza Waingereza, wakampa muda atoke, hakutoka, asubuhi ya tarehe 27 meli zao zikapiga jumba kwa mizinga, vita nzima haikufika hata saa moja, dakika 38 hivi wanasema. Yeye akakimbilia kwa konsoli wa Wajerumani, na Wajerumani wakamtorosha mpaka Dar es Salaam, akakaa kule vizuri miaka ishirini. Sasa vita ya 1914 ikafika Afrika ya Mashariki, Waingereza wakaichukua Dar es Salaam 1916, wakamkuta, na hawakuwa wamesahau. Njo kutoka 1917 akawa mfungwa Sainte-Hélène, akapelekwa na Seychelles pia, baadaye kabisa wakamuachilia arudi pwani. Alikufa Mombasa mwaka 1927, kati ya watu wanaoswali kama yeye, hakuachwa kisiwani.

Na si yeye peke yake wa Afrika. Mfalme wa Wazulu, Dinuzulu, na wajomba... hapana, ni baba zake wadogo, Ndabuko na Shingana, walifika kule 1890 wakakaa mpaka 1897, na mtoto wake Solomon, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Wazulu, alizaliwa palepale kisiwani. Mwaka 1957 mpaka 1961 tena kulikuwa na watu watatu wa Bahrain, makosa yao ni siasa. Waingereza walikuwa wanakitumia kile kisiwa namna mama anatumia sanduku la juu ya kabati, kitu hutaki watoto waguse unaweka kule. Kreti mkiinywa mnikumbuke.

---

Yaya mpendwa, nakaa Himbi hapa Goma, nina miaka 58. Nkambo wangu, baba ya mama, alikuwa wa Walikale, alichukuliwa na Wabelgiji mwaka 1944 juu ya mambo ya kitawala, ile dini Wabelgiji waliiogopa. Mama alikuwa mtoto mchanga. Hakurudi. Watu wa zamani wanasema alipelekwa Katanga, wengine Kisangani, wengine walisema alinyongwa. Mama amekuwa mzee sasa na anaulizaka paka hilo. Yaya unakaa kule Katanga, nianzie wapi?
*Mama wa Himbi*

Mama, jambo sana, na umsalimie mama kwanza.

Mwaka 1944 kwa Masisi, Walikale na Lubutu ni ule uasi wa Bushiri, kiongozi wa kitawala. Bushiri mwenyewe na wengine walikamatwa wakapita tribinali. Lakini watu wengi zaidi hawakupita tribinali yoyote, walifanywa *relégué*, yaani gavana ao mkubwa wa provinsi anatia sahihi karatasi kwamba huyu ni mtu hatari aondolewe kwao apelekwe mbali, basi, bila hakimu. Hii ni muhimu kwako juu kama nkambo alikuwa relégué basi jina lake HALIPATIKANI kwenye buku la buloko, na watu wanaenda kwenye buloko wanaambiwa hayuko wanarudi nyumbani wanalia. Unatakiwa utafute kwenye karatasi za utawala, za teritwari. Mi kwangu walinizungusha ofisi moja miaka miwili mpaka mzee mmoja wa usafi, siyo karani, wa usafi, aliniambia papa unauliza kwenye kabati lisilo lake.

Kwa Katanga, kambi ya relégué ya watu waliowaita hatari ilikuwa Kasaji, kule reli ya Dilolo inapita. Wakitawala wengi walifika pale. Lakini zilikuwepo zingine, Ekafera kule Équateur, Oshwe upande wa Bandundu, kwa hiyo yule anayesema Katanga na yule anayesema Kisangani wote wanaweza kuwa na ukweli, mtu alipitishwa Stanleyville (Kisangani ya leo) halafu akasukumwa mbele. Karatasi nyingi za utawala wa kikoloni zilipelekwa Ubelgiji wakati wa uhuru, ziko Bruxelles kwenye arshive za serikali yao, na mtu yeyote anaweza kuomba kusoma. Kama uko na mjukuu kule Ulaya mpe kazi hii, badala ya kutuma picha za theluji. Aombe mafaili ya relégués wa Kivu miaka 1944 mpaka 1950 hivi, aulize pia orodha za Kasaji na Ekafera.

Upande wa huku, misioni. Hata mkitawala aliyekataa padri, akifa, mara nyingi padri ao pastori aliandika kitu. Parwasi zina mabuku ya waliokufa. Usiende unauliza kaburi, padri kijana atakuonyesha uwanja wa majani tu na atakuambia pole. Uliza buku.

Na usikate tumaini juu ya miaka. Simon Kimbangu, yule nabii, alikaa buloko hapa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kutoka 1921, miaka thelathini, akafa 12 Oktoba 1951 na akazikwa hapahapa, mbali na watu wake kilomita hata hazihesabiki. Mwaka 1960 walikuja wakamchukua wakampeleka Nkamba kwao. Yeye alikuwa mtu mkubwa na kanisa nyuma yake, najua. Lakini ilianza na mtu mmoja kujua ni kaburi gani, juu aliuliza wakati wale waliozika bado wako hai. Kwa nkambo yako waliozika wamekwisha, waliobaki ni wale waliosikia. Kwa hiyo leo, siyo wiki ijayo, kaa na mama na simu iko inarekodi, umuulize siyo alienda wapi (hilo hajui na linamuumiza) bali umuulize majina yote ya nkambo. La kijijini, la ujana, la utani, la baba yake, la ukoo, na kama alibatizwa mbele ya kuingia kitawala basi na lile. Halafu uyaandike kila moja kwa namna tatu nne za kukosea, herufi L na R zibadilishe, B na V, ondoa M ya mbele, weka O mahali pa U, juu karani Mbelgiji alikuwa anaandika anachosikia na sikio lake lilikuwa la Anvers.

Mi kambo yangu alikuwa Kalumba. Nilimtafuta Kalumba, Kalumbu, Karumba, hakuna. Alikuwa ndani ya buku la misioni ukurasa wa 1947, ameandikwa «Galoumba, relégué, environ 40 ans», na pembeni padri ameongeza kwa penseli jina la mke wake, lile lilikuwa sawasawa kabisa, herufi kwa herufi. Alilitaja yeye mwenyewe, polepole nafikiri.